Hoja ya "Nchi Imejaa": Mpito wa Kidemografia nchini Rwanda na Athari Zake kwa Jamii na Uchumi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya mpito wa kidemografia nchini Rwanda tangu enzi ya utawala wa Ubelgiji hadi sensa ya mwaka 2022. Yanatumia matokeo ya sensa tano za taifa, tafiti za kitaifa za afya na uzazi, na maandishi ya wanahistoria na wanauchumi kuhusu ardhi na uhamaji. Hoja kuu ni kwamba idadi ya watu nchini Rwanda haijawahi kuwa takwimu tupu. Katika kila kipindi ilitumiwa kuhalalisha maamuzi ya kisiasa, na mara nyingine kuyaficha. Makala yanaonesha kwamba kupungua kwa uzazi kulianza kabla ya mwaka 1994, kukakatizwa na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kisha kukaendelea kwa kasi baada ya vifo vya watoto kushuka. Mwishoni yanajadili athari za mpito huo kwa ardhi, ajira, makazi ya mjini Kigali na malezi ya wazee, na kubainisha mafunzo kwa watunga sera wa Afrika Mashariki.

1. Utangulizi

Mwaka 1986 Kamati Kuu ya chama tawala cha MRND ilitoa tamko kuhusu wakimbizi wa Rwanda waliokuwa wakiishi Uganda, Burundi, Tanzania na Zaire tangu machafuko ya mwaka 1959 na miaka iliyofuata. Tamko hilo lilieleza kwamba nchi haikuwa na uwezo wa kuwapokea warejee kwa wingi. Ardhi ilikuwa finyu, uchumi ulikuwa dhaifu na watu walikuwa wengi. Kwa ufupi, nchi ilikuwa imejaa. Wakati huo Rwanda ilikuwa kati ya sensa mbili: ile ya mwaka 1978 iliyohesabu watu milioni 4.8, na ile ya mwaka 1991 iliyohesabu watu milioni 7.1. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 13,246,394 katika eneo lilelile la kilomita za mraba 26,338. Nchi iliyosemekana kujaa ilipokuwa na watu wasiofikia milioni saba leo ina karibu maradufu ya idadi hiyo. Watoto wake wanaishi kuliko walivyoishi watoto wa wakati ule, na wastani wa umri wa kuishi unakaribia miaka 70.

Ukweli huu hauthibitishi kwamba ongezeko la watu halina gharama. Msongamano wa watu 503 kwa kila kilomita ya mraba ni mzigo halisi kwa nchi ambayo wakazi wake wengi bado ni wakulima. Unachothibitisha ni kwamba sentensi "nchi imejaa" haikuwa kauli ya kitaalamu pekee. Ilikuwa pia kauli ya kisiasa iliyovaa vazi la takwimu. Swali la makala haya basi ni mawili kwa pamoja: mabadiliko ya uzazi na vifo yametokeaje nchini Rwanda, na hoja ya idadi ya watu imetumiwaje na wenye mamlaka katika safari hiyo?

Dhana ya mpito wa kidemografia ilijengwa na wataalamu kama Warren Thompson mwaka 1929, Adolphe Landry mwaka 1934 na Frank Notestein mwaka 1945. Kwa muhtasari, dhana hiyo inaeleza jinsi jamii inavyotoka katika hali ya uzazi mwingi na vifo vingi kwenda katika hali ya uzazi mchache na vifo vichache. Vifo hutangulia kushuka, uzazi hufuata baadaye, na katika pengo lililo baina ya hayo mawili ndipo idadi ya watu huongezeka kwa kasi. Dhana hiyo ilitokana na uzoefu wa Ulaya. Mwaka 1992 John Caldwell na wenzake walihoji iwapo Afrika ingefuata njia hiyohiyo au ingekuwa na mpito wa aina yake, ambamo wanawake wa rika zote, na si wale tu waliokwisha kupata watoto wa kutosha, wangeanza kupanga uzazi. Rwanda inatoa mfano muhimu wa kulijadili swali hilo, kwa sababu njia yake haikunyooka.

2. Kuhamisha watu badala ya kubadili mfumo: kipindi cha ukoloni

Kabla ya sensa ya mwaka 1978 hakukuwa na hesabu kamili ya watu wa Rwanda. Watawala wa Kibelgiji walitegemea orodha za walipa kodi na makadirio ya machifu. Hata hivyo, waliiona nchi kuwa na watu wengi kupita kiasi, na njaa zilizotokea zilionekana kuthibitisha mtazamo huo. Njaa ya Rumanura ilitokea wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi yalipopita na kula akiba za wakulima. Njaa ya Ruzagayura ya miaka ya 1943 na 1944 ilitokea wakati wa Vita Kuu ya Pili, ukame na maradhi ya viazi yalipokutana na matakwa ya utawala wa kikoloni ya nguvukazi na mazao kwa ajili ya vita.

Mazingira ya njaa hizo yanastahili kuangaliwa kwa makini. Katika yote mawili, upungufu wa chakula uliambatana na vita na na kazi za lazima. Mkulima aliyetakiwa kutoa siku zake kwa barabara, kwa shamba la chifu na kwa kahawa ya kodi alibaki na siku chache za shamba lake mwenyewe. Utawala haukupuuza kilimo: uliwalazimisha wakulima kupanda mihogo na viazi vitamu kama akiba ya njaa. Lakini jibu lake kuu kwa kile ulichokiita wingi wa watu lilikuwa kuwahamisha. Kuanzia mwaka 1937 hadi mwaka 1955 mpango maalumu wa uhamishaji uliwapeleka maelfu ya Wanyarwanda katika eneo la Masisi, Kivu ya Kaskazini, ambako pia nguvukazi ilihitajika kwa mashamba ya walowezi. Wengine wengi walivuka mpaka kwa hiari au kwa kukimbia kazi za lazima, wakaenda Buganda kulima pamba na kahawa.

Uganda iliyokuwa chini ya Waingereza ilifanya jambo linalofanana. Kuanzia mwaka 1946 wakulima wa Kigezi, jirani kabisa na mpaka wa kaskazini wa Rwanda, walihamishiwa maeneo yenye watu wachache zaidi. Kwa hiyo fikra kwamba nyanda za juu za Maziwa Makuu zilikuwa chombo kilichofurika, na kwamba dawa yake ilikuwa kumwaga ziada mahali pengine, ilikuwa fikra ya kikanda. Urithi wake unaonekana hadi leo. Suala la uraia na ardhi za Wanyarwanda wa Masisi limekuwa mojawapo ya mizizi ya migogoro ya mashariki mwa Kongo. Sera ya kidemografia iliyobuniwa bila kuuliza ni nani atakayekuwa raia wa wapi, na kwa hati gani, iliwaachia wajukuu deni la kisiasa.

Jambo jingine la kipindi hiki ni uainishaji wa watu. Katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji ulitoa vitambulisho vilivyomwandika kila mtu kuwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Tangu hapo, kuhesabu watu nchini Rwanda kukawa pia kuwagawa. Sensa ya mwaka 1991 bado ilihesabu watu kwa kabila, na hesabu hizo ziliendana na mfumo wa mgao wa nafasi za shule na ajira.

3. Ardhi, ndoa na siasa, 1962–1994

Baada ya uhuru mwaka 1962 serikali iliendeleza fikra ya kutafuta ardhi mpya, safari hii ndani ya mipaka. Familia zilihamishiwa katika makazi ya kilimo yaliyopangwa, hasa katika maeneo ya mashariki na Bugesera, ambayo hapo awali yalikuwa na watu wachache. Kufikia miaka ya 1980 akiba hiyo ya ardhi ilikuwa imekaribia kwisha. Idadi ya watu iliongezeka kwa asilimia 3.1 kwa mwaka kati ya sensa za 1978 na 1991. Utafiti wa kitaifa wa uzazi wa mwaka 1983 ulionesha kwamba mwanamke wa Rwanda angezaa kwa wastani zaidi ya watoto 8 katika maisha yake, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vikubwa zaidi duniani.

Serikali ilikuwa imeunda Ofisi ya Taifa ya Idadi ya Watu, iliyojulikana kama ONAPO, mwaka 1981. Hapa Rwanda ilichelewa kidogo ikilinganishwa na Kenya, iliyoanzisha mpango wa taifa wa uzazi wa mpango mwaka 1967. Hata hivyo, matokeo yake si ya kubezwa. Utafiti wa mwaka 1992 ulionesha wastani wa watoto 6.2 kwa mwanamke, na asilimia 13 ya wanawake walioolewa walikuwa wakitumia njia za kisasa. Uzazi ulikuwa umeshuka kwa takribani watoto wawili katika muda usiofikia miaka kumi. Mpito wa Rwanda, kwa maneno mengine, haukuanza katika karne ya ishirini na moja kama inavyoelezwa mara kwa mara.

Ni nini kilichosababisha kushuka huko? Asilimia 13 ya watumiaji haitoshi kukieleza chote. Sehemu ya jibu ipo katika ndoa. Kijana wa kiume alitarajiwa kuwa na kiwanja, nyumba na kipande cha shamba kabla ya kuoa. Ardhi ya baba ilipogawanywa kwa wana watano au sita, kila mmoja alibaki na kishamba kisichotosha kulisha familia. Catherine André na Jean-Philippe Platteau, waliofanya utafiti katika jamii moja ya kaskazini-magharibi mwa Rwanda mwaka 1988 na tena mwaka 1993, walieleza jinsi uhaba wa ardhi ulivyochelewesha ndoa, ukachochea kesi baina ya ndugu, na kuwaondolea kinga watu waliozoea kutegemea ardhi ya ukoo, kama vile wajane na mabinti walioachika. Kupungua kwa uzazi katika mazingira haya hakukuwa dalili ya ustawi. Kwa sehemu kulikuwa dalili ya vijana walioshindwa kuingia katika utu uzima kwa njia inayotambuliwa na jamii yao.

Utafiti huo ulipochapishwa mwaka 1998 uliwapa baadhi ya wasomaji njia rahisi ya kuyaeleza mauaji ya kimbari. Mwaka 2005 Jared Diamond aliutumia katika kitabu chake kuhusu kuanguka kwa jamii, akalitaja jina la Malthus katika kichwa cha sura inayoihusu Rwanda. Diamond hakudai kwamba msongamano ulikuwa sababu pekee, na inafaa kumtendea haki katika hilo. Lakini msomaji wa haraka hubaki na picha moja: watu walikuwa wengi, ardhi ilikuwa kidogo, wakauana.

Picha hiyo ina kasoro tatu. Kwanza, haielezi kwa nini waliolengwa walikuwa Watutsi, popote walipokuwa, wakiwemo watoto wachanga, wakazi wa mjini na watu wasio na shamba lolote. Njaa ya ardhi haichagui watu kwa kitambulisho. Dola ndiyo iliyochagua, kwa kutumia orodha, redio, vizuizi vya barabarani na wanamgambo waliopewa mafunzo. Pili, zipo jamii nyingine za Afrika Mashariki zilizobanwa na ardhi bila kufikia huko. Mwaka uleule wa 1994, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti kuhusu Machakos nchini Kenya, wakionesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara tano huku mmomonyoko wa udongo ukipungua, kwa sababu wakulima walikuwa na masoko, matuta na uhakika wa ardhi. Tatu, na hili ndilo muhimu zaidi kwa mwanahistoria, hoja ya msongamano yenyewe ilikuwa sehemu ya mgogoro. Tamko la mwaka 1986 lilifunga mlango wa kurejea kwa amani. Mwaka uliofuata wakimbizi waliokuwa Uganda waliunda chama cha RPF, na Oktoba 1990 vita vikaanza. Bei ya kahawa ilikuwa imeporomoka baada ya kuvunjika kwa makubaliano ya kimataifa ya kahawa mwaka 1989, na Novemba 1990 thamani ya sarafu ikashushwa. Msongamano ulizidisha ukali wa shida hizo. Haukuandika orodha za watu wa kuuawa.

4. Mpito uliokatizwa, 1994–2005

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, yaliyodumu takribani siku mia moja kuanzia Aprili 1994, yaliondoa maisha ya watu zaidi ya milioni moja kwa hesabu rasmi ya Rwanda. Kwa mtaalamu wa demografia kipindi hiki ni kigumu kwa namna ya pekee, kwa kuwa vifo, ukimbizi na marejeo vilitokea kwa wakati mmoja. Mamia ya maelfu ya wakimbizi wa tangu 1959 walirejea pamoja na watoto waliozaliwa ugenini. Zaidi ya watu milioni moja waliokimbilia Zaire na Tanzania mwaka 1994 walirudi, wengi wao mwishoni mwa mwaka 1996. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu milioni 8.1, yaani ongezeko la asilimia 1.2 tu kwa mwaka tangu 1991. Wanawake walikuwa zaidi ya asilimia 52, na takribani theluthi ya kaya ziliongozwa na wanawake, wengi wao wajane.

Huduma za afya zilikuwa zimevunjika. Utafiti wa mwaka 2000 ulionesha kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 196 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano, karibu mmoja kati ya kila watano. Matumizi ya njia za kisasa za kupanga uzazi yalikuwa yameporomoka hadi asilimia 4. Wastani wa watoto kwa mwanamke ulikuwa 5.8 mwaka 2000 na 6.1 mwaka 2005. Mpito ulikuwa umesimama, na kwa kiasi fulani umerudi nyuma.

Ingekuwa makosa kulichukulia hili kuwa suala la upungufu wa vidonge na sindano pekee. Katika nchi ambayo koo nzima zilikaribia kufutika, kuzaa kulikuwa na maana isiyoingia katika majedwali. Utafiti wa Kati Krähnert na wenzake uliochapishwa mwaka 2019 ulionesha kwamba wanawake waliopoteza mtoto katika mauaji ya kimbari walizaa zaidi katika miaka iliyofuata kuliko wenzao ambao hawakupatwa na msiba huo. Mshauri wa sera ambaye angefika katika kijiji cha Rwanda mwaka 1998 na kuhubiri juu ya wingi wa watu angekuwa anazungumza na watu waliokuwa wakihesabu waliokosekana.

5. Mteremko wa kasi, 2005–2022

Kilichofuata kimewashangaza wengi. Wastani wa watoto kwa mwanamke ulishuka kutoka 6.1 mwaka 2005 hadi 5.5 katika utafiti wa 2007–2008, kisha 4.6 mwaka 2010. Katika kipindi hichohicho matumizi ya njia za kisasa miongoni mwa wanawake walioolewa yalipanda kutoka asilimia 10 hadi 45. Ni nchi chache duniani zilizopata mabadiliko ya kiwango hiki katika miaka mitano.

Mpangilio wa matukio ni muhimu hapa. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 196 kwa kila 1,000 mwaka 2000 hadi 152 mwaka 2005 na 103 mwaka 2007–2008, na kufikia 76 mwaka 2010. Utafiti wa 2019–2020 ulikuta vifo 45. Wazazi walianza kuona watoto wao wakiishi, na uzazi ukafuata. Nyuma ya kushuka huko kulikuwa na bima ya afya ya jamii, iliyojaribiwa mwaka 1999 na kuenezwa nchi nzima katikati ya muongo uliofuata. Vyandarua na chanjo. Na wahudumu wa afya wa vijijini, wanaojulikana kwa Kinyarwanda kama abajyanama b'ubuzima, watatu katika kila umudugudu na kuchaguliwa na majirani zao. Wahudumu hao baadaye walikabidhiwa pia kazi ya kugawa baadhi ya njia za kupanga uzazi. Pale ambapo vituo vya Kanisa Katoliki havikutoa njia za kisasa, serikali ilijenga vituo vidogo jirani navyo, ili mafundisho ya Kanisa yasivunjwe na mwanamke asitembee mwendo mrefu kutafuta huduma.

Elimu iliongeza nguvu. Ada za shule ya msingi zilifutwa mwaka 2003, na elimu ya msingi ya miaka tisa bila ada ikaanza mwaka 2009. Mtoto aliyekuwa mkono wa ziada shambani akawa mwanafunzi anayehitaji sare na madaftari. Sheria ya mwaka 1999 ilikuwa imewapa mabinti haki sawa na ndugu zao wa kiume katika urithi, na hivyo kupunguza sababu mojawapo ya kuendelea kuzaa hadi apatikane mwana wa kiume.

Je, mafanikio hayo yalitokana na hiari au shinikizo? Swali hili haliepukiki. Mwaka 2007 wazo la kuziwekea familia kikomo cha watoto watatu lilijadiliwa hadharani, lakini halikuwa sheria. Kwa upande mwingine, mikataba ya utendaji ya viongozi, imihigo, iliyoanza mwaka 2006, iliweka pia malengo ya uzazi wa mpango. Kiongozi anayepimwa kwa idadi ya watumiaji anaweza kusahau kumuuliza mtumiaji kama ameridhika. Kinyarwanda chenyewe kinatoa kigezo kizuri: uzazi wa mpango huitwa kuboneza urubyaro, yaani kuuweka uzao katika hali njema na inayofaa. Maneno hayo hayasemi kupunguza. Yanataja ubora wa malezi, na huo ndio msingi ambao hiari inaweza kusimama juu yake.

Baada ya mwaka 2010 kasi ilipungua. Wastani ulikuwa watoto 4.2 katika utafiti wa 2014–2015 na 4.1 katika ule wa 2019–2020, ingawa matumizi ya njia za kisasa yalipanda kutoka asilimia 48 hadi 58. Sensa ya mwaka 2022 ilitoa wastani wa 3.6, lakini sensa na tafiti za kaya hazipimi kwa njia moja, hivyo ulinganisho huo ufanywe kwa tahadhari. Funzo ni kwamba ugavi wa njia za uzazi una mpaka wake. Hatua inayobaki inategemea elimu ya sekondari, ajira za wanawake na matarajio ya wazazi juu ya maisha ya watoto wao.

6. Athari kwa jamii na uchumi

Athari ya kwanza ni ile inayowatatiza wengi: uzazi umepungua kwa zaidi ya nusu tangu 1983, lakini watu wanaendelea kuongezeka. Kati ya 2012 na 2022 ongezeko lilikuwa asilimia 2.3 kwa mwaka. Sababu ni msukumo uliojengeka katika muundo wa umri. Mabinti waliozaliwa wakati wa uzazi mwingi sasa ni mama, na hata kila mmoja akizaa watoto wachache, mama wenyewe ni wengi. Takribani theluthi mbili ya Wanyarwanda wako chini ya miaka 30. Hakuna sera ya leo inayoweza kuwazuia kuwepo. Iliyopo ni ya kuwaandalia kazi.

Athari ya pili ni ya ardhi. Upimaji na usajili wa ardhi uliofanyika nchi nzima kuanzia mwaka 2009 ulibainisha zaidi ya vipande milioni 10, idadi inayokaribia ile ya watu milioni 10.5 waliohesabiwa mwaka 2012. Usajili huo uliwapa wanawake walioolewa kisheria jina katika hati, jambo la manufaa makubwa. Lakini hati haiongezi ukubwa wa shamba. Urithi sawa kwa watoto wote ni haki isiyopaswa kurudishwa nyuma, na wakati huohuo unaifanya ardhi kuwa njia isiyotosha tena ya kumwingiza kijana katika utu uzima. Kijana wa miaka ya 1980 aliyeshindwa kuoa kwa kukosa kiwanja ana mwenzake leo, ambaye anashindwa kwa kukosa mshahara.

Athari ya tatu inaonekana mjini Kigali. Kituo kilichoanzishwa na Richard Kandt mwaka 1907 kilikuwa na watu wapatao 6,000 wakati wa uhuru. Mwaka 2022 Jiji la Kigali, kwa mipaka yake ya sasa, lilikuwa na wakazi 1,745,555. Uzazi wa mjini ni mdogo kuliko wa vijijini, hivyo sehemu kubwa ya ukuaji huo inatokana na wahamiaji, wengi wao vijana. Wanakodi vyumba katika miteremko ya vilima na kando ya mabonde, mahali ambapo mvua ya masika ni tishio la kila mwaka. Gharama ya chumba, maji na usafiri ndiyo inayoamua lini wataoa na watazaa wangapi. Kwa hiyo sera ya makazi ni sera ya idadi ya watu, hata kama haiitwi hivyo.

Athari ya nne ni uwezekano wa kupata kile wataalamu wanachokiita gawio la kidemografia, yaani manufaa ya kiuchumi yanayopatikana wakati watu wa umri wa kufanya kazi wanapokuwa wengi kuliko wanaowategemea. Neno gawio linaweza kupotosha, kwa sababu gawio hulipwa kwa mwenye hisa hata akiwa amelala. Hili halilipwi hivyo. Nchi za Asia ya Mashariki zilizonufaika zilikuwa na viwanda na ajira za kuwapokea vijana. Pasipo hayo, muundo uleule wa umri huzaa vijana wengi wenye vyeti na wasio na kazi. Wapo pia ambao mpito umewapita kando: katika utafiti wa 2019–2020, asilimia 5 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito. Mjadala kuhusu haki yao ya huduma ulichukua miaka. Bunge lilikataa pendekezo mwaka 2022, kisha mwaka 2025 likapitisha sheria ya afya inayoruhusu huduma hizo kuanzia umri wa miaka 15.

Athari ya tano bado iko mbali, lakini inakuja. Wazee wa leo walizaa watoto wengi, na baadhi yao walipoteza wote mwaka 1994. Wazee wa mwaka 2060 watakuwa wamezaa watatu au wawili, nao watoto hao watakuwa wakiishi mjini au ng'ambo. Mpango wa akiba ya muda mrefu wa Ejo Heza, ulioanza mwaka 2018 na kuwalenga hata wasio na ajira rasmi, ni utambuzi wa mapema kwamba wingi wa watoto hautakuwa tena pensheni ya mkulima.

7. Hitimisho

Historia hii ina mafunzo matatu kwa watafiti na washauri wa sera katika ukanda wetu. Kwanza, uzazi hupungua pale wazazi wanapokuwa na hakika kwamba watoto wao wataishi. Nchi jirani ambazo bado zina vifo vingi vya watoto zianzie hapo, kabla ya kuweka malengo ya idadi. Pili, kushuka kwa uzazi kunaweza kutokana na ustawi au na dhiki, na takwimu moja haitofautishi hayo mawili. Kushuka kwa kipindi cha 1983 hadi 1992 na kule cha 2005 hadi 2010 kunafanana kwenye jedwali, ilhali kwa sehemu kubwa yalikuwa maisha tofauti kabisa. Tatu, kila inaposemwa kwamba nchi imejaa, inatupasa kuuliza ni nani anayesema, na ni nani anayekusudiwa kuachwa nje.

Swali hilo la mwisho halihusu Rwanda pekee. Linasikika Masisi, linasikika katika kambi za wakimbizi za Tanzania na Uganda, na linasikika katika miji yetu yote inayokua. Rwanda ya mwaka 1986 ilijibiwa na historia kwa gharama isiyoelezeka. Wanaoandika sera leo wana takwimu bora kuliko walizokuwa nazo waandishi wa tamko lile. Takwimu hizo zitawafaa iwapo watakumbuka kwamba kila anayehesabiwa ni mtu mwenye haki ya kuwa na mahali pake.